Mwanafunzi Mwenye Kisukari na Kengele ya Shule



Somo la mwezi huu ni la afya, nalo limetokana na swali la mama mmoja aliyenisubiri nje ya kanisa baada ya ibada. Binti yake amechaguliwa kuingia kidato cha kwanza katika shule ya bweni, naye hujichoma sindano ya insulini mara mbili kila siku. Mama akaniuliza, "Mwalimu, nimpeleke au nimzuie?" Nikamjibu palepale kwamba ampeleke. Usiku nilipofikiri tena niliona jibu langu lilikuwa fupi mno. Ampeleke, ndiyo; lakini asimpeleke kimya kimya. Basi naandika hapa yale ambayo ningemwambia kama tungepata nafasi ya kuketi, nikitumaini yatawafaa na wazazi wengine, na zaidi sana walimu wenzangu.

Kwanza nikiri kosa langu mwenyewe.

Mwaka 1996 nilikuwa mwalimu wa zamu katika shule moja ya bweni, ambayo sitaitaja. Tulikuwa na kijana wa kidato cha pili, mpole, hodari wa hesabu. Asubuhi moja mchakamchaka ulikuwa mrefu kuliko kawaida, na uji ukachelewa kwa kuwa kuni zilikuwa mbichi. Tulipokusanyika mstarini nilimwona kijana huyo anayumba, shati limelowa jasho. Nilipomwita akanijibu maneno ya hovyo mbele ya shule nzima. Nikadhani amekunywa pombe. Nikamwamuru apige magoti pale pale juani.

Hazikupita dakika nyingi akaanguka. Macho yalikuwa wazi lakini hakutujua. Wanafunzi wakarudi nyuma. Wengine walisema ni kifafa, wengine wakanong'ona habari za mapepo. Aliyemwokoa ni mzee mpishi. Alitoka jikoni mbio na kikombe cha maji ya sukari, akamwinua, akamnywesha kidogo kidogo huku akimwita kwa jina. Kisha akanitazama, akasema, "Mwalimu, huyu si mlevi. Amechoma sindano, hajala."

Baada ya robo saa hivi kijana alikaa vizuri, akafuta uso, akanitazama, akasema, "Shikamoo, mwalimu," kama mtu anayeniona kwa mara ya kwanza siku ile. Hakukumbuka lolote.

Katika shule ile yenye walimu zaidi ya ishirini, mtu mzima pekee aliyejua ugonjwa wa kijana yule alikuwa mpishi, kwa sababu kila asubuhi kijana alikwenda dirishani kwake kuomba uji wake utangulie. Nilipomwuliza kwa nini alituficha, alisema kwamba katika shule ya msingi walimtengea sahani na kikombe wakiogopa kuambukizwa, na baba yake akamwonya kwamba wakubwa wa shule wakijua watamrudisha nyumbani.

Ugonjwa wenyewe

Kisukari kiko cha namna mbalimbali. Kile ambacho twakiona zaidi kwa watu wazima, na ambacho mara nyingi huanza kutibiwa kwa vidonge na kwa kupunguza uzito, si kile kinachowapata watoto wengi. Watoto wengi huwa na kisukari cha aina ya kwanza. Kinga ya mwili yenyewe hugeuka na kuharibu zile sehemu za kongosho zinazotengeneza insulini. Insulini ndiyo inayoiwezesha sukari kutoka katika damu na kuingia mwilini ifanye kazi. Ikikosekana, sukari hujaa katika damu huku mwili ukiwa na njaa. Ndiyo maana mtoto hula sana naye anakonda, hunywa maji mengi, hukojoa mara kwa mara, hata kulowesha kitanda aliyekuwa ameacha zamani.

Ugonjwa huu hauambukizi. Hausababishwi na pipi, wala soda, wala laana ya ukoo. Tena hauna dawa ya kuuondoa hata leo. Kuna insulini, na insulini haina mbadala kwa mtoto huyu.

Siku moja ya shule

Nyumbani siku humfuata mtoto. Chakula kikichelewa, mama humwambia, "Ngoja kwanza usichome." Shuleni mtoto huifuata kengele, na kengele haijui habari za sindano. Hapo ndipo penye ugumu wote, nami nataka tukae hapo kidogo.

Watoto wengi hapa kwetu hupewa insulini iliyochanganywa, ya haraka na ya polepole katika chupa moja. Ina rangi kama maziwa yaliyotiwa maji, na kabla ya kuivuta huviringishwa taratibu kati ya viganja mpaka ichanganyike sawasawa; isitikiswe kwa nguvu. Huchomwa asubuhi na jioni, nusu saa hivi kabla ya kula. Ikishaingia mwilini haisubiri mtu. Itashusha sukari, chakula kiwepo kisiwepo. Kwa hiyo katika shule ambayo uji waweza kutoka saa 1 au saa 2, kanuni ni hii: mtoto auone uji jikoni kwanza, ndipo achome. Na mpishi asiudhike akimwona dirishani.

Ile sehemu ya polepole hupata nguvu saa kadhaa baadaye, karibu na saa 4 na kuendelea mpaka mchana. Kwa hiyo mtoto ahitaji kitafunio wakati wa mapumziko, ndizi na karanga, au kipande cha muhogo wa kuchemsha, na chakula cha mchana kisicheleweshwe kwa ajili ya matangazo. Sindano ya jioni nayo hufanya kazi usiku wakati bweni lote limelala. Sukari ya usiku ndiyo ya kuogopwa zaidi, maana mtoto aliyelala hawezi kuomba msaada. Kabla ya kulala apime, na kama kliniki imemwelekeza, ale kitu kidogo. Mwenzake wa kitanda cha jirani ajue kwamba akimsikia anaweweseka na kulowa jasho asimcheke, bali amwamshe.

Kuhusu chakula, kuna maneno mengi yasiyo na msingi. Nimesikia mtoto akikatazwa wali kabisa na kuambiwa ale dona kadiri apendavyo. Dona ni bora kuliko sembe, lakini ni wanga vilevile, na milima miwili ya dona itapandisha sukari. Kisukari hakina chungu chake. Mtoto huyu atakula ugali na maharage, makande, wali wa Jumapili, na mboga nyingi kama zipo, pamoja na wenzake mezani. Kinachotakiwa ni kipimo kisichobadilika sana siku kwa siku, kama alivyoelekezwa kliniki, kwa kuwa kipimo cha dawa kimepangwa kwa chakula hicho. Jambo moja tu naomba jikoni: uji wake utolewe kabla sukari haijatiwa katika sufuria kubwa.

Mchakamchaka, mpira na shamba la shule asizuiwe. Mazoezi ni mazuri kwake kama kwa mwingine. Gary Hall, mwogeleaji wa Marekani, aligunduliwa kuwa na kisukari cha aina ya kwanza mwaka 1999, na mwaka 2000 akapata nishani ya dhahabu katika michezo ya Olimpiki kule Sydney, na nyingine mwaka 2004 kule Athens. Lakini mazoezi hushusha sukari, tena athari yake yaweza kuendelea mpaka usiku wa siku hiyo. Kwa hiyo ale kidogo kabla ya kukimbia, sukari iwe mfukoni, na asichome sindano pajani ikiwa anakwenda kukimbia muda huo huo; mguu unaofanya kazi huivuta dawa upesi. Tumbo linafaa zaidi. Kwa kawaida sehemu za kuchoma zibadilishwe, maana ngozi ya mahali pamoja huota uvimbe na dawa haiingii vizuri.

Darasani sukari ikiwa juu atabanwa na mkojo na kukauka koo. Mwalimu anayemwambia asubiri kipindi kiishe anamwadhibu kwa ugonjwa wake. Wasichana wafahamu kwamba sukari hupanda kwa baadhi yao siku chache kabla ya hedhi, nao wasiogope kumwambia mwuguzi. Na hofu ya mtihani nayo huivuruga sukari, mara nyingi kwa kuipandisha. Mzazi amwone mkuu wa shule mapema, si juma la mtihani, ili msimamizi ajue kwa nini mtahiniwa huyu ana mashine ya kupimia na pakiti ya glukosi mezani.

Sukari inaposhuka

Ndugu walimu na viranja, hata kama mmeyapita hayo mengine upesi, hapa someni polepole.

Sukari katika damu ya mgonjwa hutafutwa iwe kati ya 4 na 10 kwa kipimo cha milimoli kwa lita. Ikishuka chini ya 4 ni hatari ya saa ile ile. Dalili ni kutetemeka, jasho, njaa ya ghafla, moyo kwenda mbio, macho kuona ukungu. Ubongo ukianza kukosa sukari, mtoto hubadilika tabia: hukasirika bure, hulia, husinzia, huongea kama mlevi, hukataa msaada. Ndivyo nilivyomwona yule kijana, nikaita ukorofi.

Mpe sukari upesi: vijiko 3 vya chai katika maji, au nusu ya chupa ndogo ya soda ya kawaida (isiwe ile isiyo na sukari), au asali kijiko kimoja kikubwa. Subiri dakika 15. Kama bado, rudia. Akipata nafuu ale chakula, maana sukari ile itaisha upesi. Kama hakuna mashine ya kupimia, usisubiri. Mpe sukari tu. Ukikosea na kumbe sukari ilikuwa juu, kikombe kimoja hakitamdhuru kama ambavyo kumnyima kungemdhuru. Usimtume peke yake kwenda zahanati au bwenini. Wengi huanguka njiani.

Akiwa amezirai au ana degedege, usimmiminie kitu mdomoni, atapaliwa. Mlaze ubavu na kumkimbiza hospitali. Ikiwa safari ni ndefu, mpake asali kidogo kidogo ndani ya shavu la chini, akiwa bado amelala ubavu. Na asichomwe insulini. Nasema hivyo kwa kuwa mtu mwenye nia njema, akisikia "ana kisukari", hukimbilia chupa ya dawa, naye atammaliza.

Siku ya kuumwa

Hatari ya upande wa pili huja polepole zaidi. Mtoto apata malaria au kuhara, hali chakula, na yeye mwenyewe au mlezi wa bweni huwaza, "Hajala, basi asichome." Wazo hilo limewapeleka wengi hospitali. Mwili unaoumwa mara nyingi huhitaji insulini hata bila chakula. Ikikosekana kabisa, mwili huanza kuunguza mafuta na kutoa asidi ziitwazo ketoni. Mgonjwa hutapika, huumwa tumbo, huhema kwa nguvu na kwa kina, na pumzi yake hunuka kama matunda yaliyoiva mno. Watu hudhani ni malaria kali, au kwamba amelishwa sumu. Akifika hapo ni wa hospitali, si wa kulazwa bwenini. Kipimo cha dawa siku za kuumwa chaweza kubadilishwa, lakini abadilishe mganga. Mtoto asiache mwenyewe.

Kutunza dawa

Chupa zisizofunguliwa huwekwa katika friji, nyuzi 2 mpaka 8, zisigande. Iliyoganda hutupwa hata ikiyeyuka, kwa kuwa imekwisha haribika. Chupa inayotumika yaweza kukaa nje, mahali penye ubaridi, kwa wiki 4 hivi. Andika juu yake tarehe uliyoifungua. Tranka ya bati chini ya paa la bati ni tanuri, si kabati la dawa. Pasipo friji, chukua vyungu viwili vya udongo, kimoja kikae ndani ya kingine, katikati jaza mchanga na kuulowesha kila siku, chupa ikae ndani ya kile cha ndani katika mfuko usioingia maji, na juu funika kwa kitambaa kilicholoa. Maji yanapovukiza huondoa joto. Bibi zetu walipoza maji kwa njia hiyo hiyo.

Sindano zilizotumika zisitupwe chooni wala jalalani wanapokota watoto. Ziwekwe katika chupa ngumu ya plastiki yenye kifuniko, na ikijaa ipelekwe zahanati.

Maombi na kufunga

Hili nalisema kwa kuwa hili ni gazeti la kanisa. Twawaombea wagonjwa, na tutaendelea. Lakini wapo wanaomwambia mtoto aliyeombewa kwamba akichoma tena sindano amekosa imani. Ndugu zangu, mtoto wa kisukari cha aina ya kwanza akiachishwa insulini huzidiwa katika siku chache, na hufa. Kabla ya mwaka 1922 hivyo ndivyo walivyokufa wote, watoto wa maskini na wa matajiri sawasawa. Mwaka 1921, katika Chuo Kikuu cha Toronto, Kanada, daktari Frederick Banting na kijana Charles Best, mwenye miaka 22, aliyekuwa amemaliza shahada yake mwaka uo huo, walianza kuitafuta dawa hii katika kongosho la mbwa. Januari 1922 alichomwa mtoto wa kwanza, Leonard Thompson, ambaye alikuwa amekonda akikaribia kufa. Dawa ya kwanza haikuwa safi na haikumfaa. Mwenzao James Collip akaisafisha, wakamchoma tena siku 12 baadaye, na sukari ikashuka. Aliishi miaka 13 zaidi. Sijui mzazi aliyeombea mtoto wake angetaka jibu gani zaidi ya hilo.

Kuhusu Kwaresima na siku za kufunga katika darasa la kipaimara: mtoto anayechoma insulini asifunge chakula bila kuzungumza na mganga wake. Kasisi amwambie hivyo waziwazi, mbele ya wenzake, ili asione aibu kula.

Nani aambiwe

Waambiwe mkuu wa shule, mlezi wa bweni, mwalimu wa darasa, mwalimu wa michezo, na marafiki wawili ambao mtoto mwenyewe amewachagua. Maneno ya mdomo husahaulika, na walimu huhamishwa. Iandikwe barua, nayo yaweza kuwa fupi hivi:

"Mtoto wangu ana kisukari. Hauambukizi. Anachoma insulini asubuhi na jioni, hivyo ahitaji kula kwa wakati, na anaruhusiwa kubeba sukari mfukoni hata darasani. Akitetemeka, akitoka jasho au akiongea ovyo, mpeni sukari mara moja, msimwache peke yake. Akizirai, msimnyweshe kitu, mpelekeni hospitali. Akitapika na kuhema kwa nguvu, mpelekeni hospitali. Akiumwa, asiache sindano bila ushauri wa mganga. Nipigieni simu wakati wowote, hata usiku."

Mganga wake aongeze maneno yake chini na kutia sahihi. Nakala moja ibandikwe ndani ya kifuniko cha tranka.

Mama yule nimempelekea maneno haya kabla ya kuyaleta gazetini. Jumapili iliyopita alinionyesha barua aliyokwisha iandika, na orodha ya watu wa kupewa. Mwandiko mzuri, watu sita. Tukaipitia pamoja pale kwenye ngazi za kanisa, na kalamu ilikuwa yangu, nikaongeza wa saba: mpishi.

Maswali ya kuzungumza katika vikundi

1. Katika parishi yetu wako wanafunzi wangapi wenye kisukari, na ni nani miongoni mwetu ajuaye majina yao?

2. Mtoto akianguka katika shule ya Jumapili leo, sukari iko wapi karibu, na ufunguo wa kabati anao nani?

3. Wazazi, je, kuna ugonjwa wa mtoto wenu mlioificha shule? Mliogopa nini hasa?

4. Walimu, mwanafunzi mpole akibadilika ghafla na kuwa mkorofi mstarini, utamwuliza nini kabla ya kumwadhibu?